Khalifa Umar bin Abdul-Aziz na Hongo Iliyovikwa Jina la Zawadi

Rushwa inapotajwa hadharani, fikra za wengi hukimbilia mikataba mikubwa na fedha nyingi za kigeni. Hiyo ipo, na vyombo vya sheria vina wajibu wa kuishughulikia. Lakini rushwa inayomfikia mwananchi wa kawaida mlangoni pake ni ile ndogo ya kila siku: ya karani anayeficha faili mpaka apewe chai, ya mpimaji anayetaka nauli ambayo serikali imeshamlipa, ya mzazi anayeombwa asante kabla ya kuandikiwa cheti cha mtoto wake. Aghalabu watu huidharau kwa udogo wake. Hata majina yake yamefanywa ya upole, ili mpokeaji asione haya na mtoaji asihisi kuwa amedhulumiwa.

Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuwakumbusha wasomaji wetu, na hasa watumishi wa serikali, maisha ya mtawala mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, Khalifa Umar bin Abdul-Aziz wa ukoo wa Bani Umayya. Jina lake linajulikana katika kila chuo cha Kurani visiwani humu, na uchaji wake husimuliwa mimbarini. Ambalo halisimuliwi sana ni kazi yake ya utawala. Alikuwa miongoni mwa watawala wachache wa kale walioichunguza rushwa ya ngazi ya chini ada moja baada ya nyingine, akaitaja kwa jina na kuipiga marufuku kwa maandishi.

Alizaliwa kiasi cha mwaka 680. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri kwa muda wa miaka ipatayo 20, na ami yake, Abdul-Malik bin Marwan, alikuwa khalifa. Kwa upande wa mama alikuwa kitukuu cha Umar bin al-Khattab, khalifa wa pili. Kuna simulizi mashuhuri kwamba Umar bin al-Khattab, katika doria zake za usiku mjini Madina, alimsikia msichana akikataa kutii amri ya mama yake ya kutia maji katika maziwa ya kuuza, kwa kuwa khalifa asipoona, Mungu anaona. Umar akamwoza msichana huyo kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chao akatoka mama wa Umar bin Abdul-Aziz. Iwapo kila neno la simulizi hii ni sahihi au la, watu wa zamani waliona kwamba uadilifu wa mtawala una asili yake katika kikombe cha maziwa cha mchuuzi.

Hata hivyo, si kweli kwamba Umar alizaliwa zahidi. Alipelekwa Madina kusomea kwa wanavyuoni wakubwa, lakini alikua katika neema zote za mtoto wa ukoo wa kifalme. Waandishi wa tarikh wanakubaliana kwamba katika ujana wake alipenda nguo za thamani na manukato, na mwendo wake wa maringo ukawa unaigwa na vijana wa mji. Alimwoa Fatima, binti wa Khalifa Abdul-Malik. Alikuwa na mashamba na mapato ambayo, kama yalivyokuwa mapato ya jamaa zake wote, yalitokana na hati za ugawaji zilizotolewa na makhalifa kwa watu wa nyumba yao.

Mwaka 706 Khalifa al-Walid alimteua kuwa liwali wa Madina. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuwaita wanavyuoni kumi wa mji huo na kuwafanya baraza lake la ushauri. Aliwataka wamwarifu kila dhuluma ya watumishi wake itakayowafikia. Lakini katika kazi hiyo hiyo lilimpata jambo ambalo hakulisahau. Kwa amri iliyotoka kwa al-Walid, alimpiga mijeledi Khubayb, mwana wa Abdullah bin al-Zubayr, na kummwagia maji baridi wakati wa baridi, na mtu yule akafa. Umar alitekeleza amri ya mkubwa wake, na majuto ya tendo hilo yalimfuata maisha yake yote. Mtumishi yeyote anayesema kwamba ameagizwa kutoka juu angefaa kuizingatia habari hii. Kiasi cha mwaka 712 al-Walid alimwondoa Umar katika uliwali, baada ya al-Hajjaj, liwali mkali wa Iraki, kulalamika kwamba watu waliokimbia mateso yake walikuwa wakipata hifadhi Madina.

Mwaka 717 Khalifa Sulaiman, ndugu wa al-Walid, alifariki akiwa Dabiq, kaskazini mwa Shamu. Kwa ushauri wa mwanachuoni Rajaa bin Haywa alikuwa ameandika wasia uliotiwa muhuri, na ulipofunguliwa jina lililokutwa ndani yake lilikuwa la Umar, binamu yake, wala si la mmoja wa ndugu zake. Umar akaletewa farasi wa kifalme na mapambo yao. Akawakataa, akapanda mnyama wake mwenyewe, na akaamuru vile vya kifalme viuzwe na thamani yake iingizwe Baitulmali. Kuanzia siku hiyo hadi kufa kwake ilikuwa miaka miwili na kiasi cha miezi mitano tu.

Alianza na nyumba yake. Aliagiza zisomwe hati zote za mashamba yaliyopewa yeye na wazee wake, na kila hati iliyosomwa ikakatwa kwa mkasi mbele za watu. Shamba la Fadak, ambalo lilikuwa limeingia mikononi mwa Bani Marwan na kisha kumfikia yeye, alilirejesha katika hali yake ya zamani. Mkewe Fatima alikuwa na vito vya thamani kubwa alivyopewa na baba yake. Umar alimpa hiari ya kuvipeleka Baitulmali au kuachana naye, na bibi huyo akachagua mume. Baada ya Umar kufariki, khalifa mpya, ambaye ni ndugu yake Fatima, alitaka kumrejeshea vito hivyo. Alivikataa, kwa kuwa hakutaka kumtii mumewe akiwa hai na kumwasi akiwa maiti.

Kutoka nyumbani kwake akawaendea jamaa zake. Posho kubwa walizozizoea zilikatwa, na mali walizochukua kwa nguvu zikadaiwa. Walinung'unika, wakamtuma shangazi yake mtu mzima aende kumbembeleza, lakini alirudi bila ya alichokifuata. Katika kesi zilizohifadhiwa na waandishi imo ya mzee mmoja wa Homs, raia asiyekuwa Mwislamu aliyekuwa chini ya hifadhi ya dola. Mzee huyo alimshitaki mwana wa mfalme, al-Abbas bin al-Walid, kwa kumnyang'anya ardhi. Al-Abbas alijitetea kwamba anayo hati aliyopewa na baba yake alipokuwa khalifa. Umar alihukumu kwamba Kitabu cha Mungu kina haki zaidi ya kufuatwa kuliko maandishi ya al-Walid, na ardhi ikarudi kwa mzee. Sisi tunaoishi katika visiwa ambavyo ardhi ni kidogo na hati mbili juu ya kiwanja kimoja si jambo geni, tunajua uzito wa hukumu kama hiyo.

Lakini kazi iliyo kubwa zaidi kwa mada yetu ya leo ni waraka aliompelekea liwali wake wa Kufa, Abdul-Hamid bin Abdul-Rahman. Mwanahistoria al-Tabari ameuhifadhi. Ndani yake Umar anaanza kwa kueleza kwamba watu wa Kufa walipatwa na mateso na mila mbovu zilizoanzishwa na maliwali waovu, kisha anaziorodhesha na kuzikataza. Anakataza kuchukua zawadi za sikukuu za Nawruz na Mihrajan. Anakataza kuwatoza watu bei ya karatasi, ujira wa matarishi, ujira wa wapigaji sarafu na kodi ya nyumba. Anakataza pia dirhamu zinazotozwa kwa ajili ya ndoa.

Kila kifungu hapo kina historia yake. Nawruz na Mihrajan zilikuwa sikukuu za Waajemi, ambazo watu walizoea kuwapelekea watawala wao zawadi. Desturi hiyo ilirithiwa na watawala wa Kiarabu, na polepole kilichokuwa hisani kikawa deni: aliyechelewa kuleta alidaiwa. Bei ya karatasi nayo ilikuwa na kisingizio chake. Shauri la raia lazima liandikwe, karatasi ina gharama, basi anayetaka kuandikiwa na alipe. Ujira wa tarishi ulikuwa na sababu, kwa kuwa barua haitembei peke yake. Hata dirhamu za ndoa bila shaka zilianza kwa kuombwa kwa tabasamu. Hakuna hata moja iliyokuwa kubwa, na kila moja ilikuwa na maelezo yanayosikika kuwa ya haki. Zikikusanywa, maana yake ni kwamba mkulima wa Iraki aliyekwisha kulipa kodi ya ardhi yake alitozwa tena kwa kuandika, kwa kupeleka barua, kwa kuoa na kwa kusherehekea.

Hapa ndipo madhara ya hongo ndogo yanapoonekana wazi. Huduma ambayo serikali imeiweka kwa wote hugeuka bidhaa ya wenye nacho. Asiye na kitu huacha kuifuata haki yake, na baada ya muda husahau kuwa ni haki yake. Mtumishi aliyezoea hujifunza kuchelewesha kazi makusudi, kwa kuwa ucheleweshaji ndio unaomzalishia. Kijana anayeingia kazini akiwa mwaminifu hukuta wenzake wamekwisha kugawana milango, na akikataa fungu lake huonekana msaliti. Kisha wananchi humalizia kazi hiyo ya uharibifu: humpongeza mwenye cheo aliyejenga haraka, na humcheka aliyestaafu akiwa na nyumba ya makuti.

Kuhusu zawadi, Umar alikuwa na msimamo ambao Imamu al-Bukhari aliona inafaa kuutaja katika mkusanyiko wake wa hadithi. Inasimuliwa kwamba siku moja alitamani tufaha, na nyumbani hamkuwa na fedha ya kununulia. Mmoja wa jamaa zake akampelekea sahani ya matufaha. Aliyanusa, akayasifu, akaamuru yarudishwe kwa mwenyewe pamoja na salamu. Aliyekuwa naye akashangaa, akamkumbusha kwamba Mtume alikuwa akipokea zawadi. Umar akamweleza kwamba kwa Mtume ilikuwa zawadi kweli, lakini kwa watawala waliokuja baada yake imekuwa hongo. Wala hakulibuni hilo. Mtume mwenyewe alimkemea hadharani mkusanya zaka aliyerudi na mali mafungu mawili, moja la Baitulmali na jingine aliloliita zawadi yake, akamtaka ajiulize iwapo angeletewa zawadi hiyo kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake.

Kipimo hicho ni chepesi na hakihitaji mwanasheria. Nchi yetu ilipitia mjadala huo huo juu ya neno takrima. Sheria ya uchaguzi iliirekebisha takrima kuwa jambo la halali mwaka 2000, na Mahakama Kuu ya Tanzania ikayabatilisha masharti hayo mwaka 2006. Miaka yote hiyo sita tulikuwa tukibishana juu ya sahani ya matufaha.

Umar hakutegemea mawaidha peke yake. Alijua kwamba mtumishi mwenye njaa ni mtumishi anayenunulika, na kwa hivyo aliwapa maliwali wake mishahara ya kutosha. Ibn Kathir anataja dinari 100 hadi 200 kwa mwezi kwa baadhi yao, kwa hoja kwamba wakitoshelezwa watajishughulisha na kazi za watu. Wakati huo huo aliwapiga marufuku maliwali kufanya biashara katika mikoa wanayoitawala. Liwali akiwa mchuuzi, bei huwa yake na wanunuzi huwa raia zake, na hapana mtu atakayethubutu kupatana naye. Kisha akafungua mlango wa malalamiko. Alitangaza katika msimu wa Hija kwamba yeyote atakayemletea habari ya dhuluma ya kuondolewa, au ya jambo la kuurekebisha umma, atapewa kati ya dinari 100 na 300 kwa kadiri ya umbali wa safari yake. Alimlipa mlalamikaji gharama za kulalamika. Ni mara ngapi katika zama zetu mlalamikaji ndiye anayeishia kulipa?

Matumizi ya ofisi aliyabana hadi katika vitu vidogo. Liwali wa Madina, Abu Bakr bin Hazm, alimwandikia akiomba karatasi na mishumaa zaidi. Umar alimjibu achonge kalamu yake iwe nyembamba, abananishe mistari, na akusanye mahitaji mengi katika karatasi moja. Kuhusu mishumaa, alimkumbusha kwamba zamani alikuwa akitoka nyumbani kwake usiku wa kiza bila ya taa. Kila mtoto wa chuoni ameisikia pia habari ya mshumaa wa Baitulmali aliouzima Umar yalipoanza mazungumzo ya mambo yake binafsi, akawasha wa kwake. Leo mshumaa huo ni gari ya serikali inayoonekana shambani siku ya Jumapili.

Isidhaniwe kwamba aliwabana wadogo na kuwaacha wakubwa. Yazid bin al-Muhallab, liwali wa Khurasan na jemadari mwenye jina, alikuwa amemwandikia Khalifa Sulaiman akijigamba kwa mamilioni ya dirhamu aliyoyapata vitani kwa ajili ya hazina. Umar alipoingia madarakani alimtaka aziwasilishe fedha hizo. Yazid akajibu kwamba aliandika vile ili watu wasikie tu. Umar hakulipokea jibu hilo, kwa kuwa mali iliyotajwa ilikuwa haki ya Waislamu, na jemadari akatiwa gerezani katika ngome ya Halab.

Vilevile alikabiliana na dhuluma iliyokuwa na faida kwa serikali yenyewe. Katika mikoa mingi watu waliosilimu waliendelea kutozwa kodi ya kichwa kama kwamba hawakusilimu, kwa hofu kwamba hazina itapungukiwa. Umar aliamuru kodi hiyo iondolewe, na liwali wa Khurasan, al-Jarrah bin Abdullah, aliyetaka kwanza kuwapima watu kwa tohara, akaondolewa kazini. Wapo wanahistoria wanaomlaumu kwamba alipunguza mapato ya dola. Lawama hiyo ina uzito wake, na kila afisa wa fedha ataielewa. Lakini mapato yanayotokana na dhuluma humfundisha mkusanyaji kudhulumu, na hapana mkusanyaji aliyefundishwa kudhulumu kwa ajili ya serikali peke yake.

Matunda ya siasa yake yanasimuliwa na mtumishi aliyetumwa kukusanya zaka katika Afrika ya Kaskazini. Alieleza kwamba aliikusanya, akatafuta maskini wa kuwapa, asiwapate, akanunua watumwa kwa fedha hiyo na kuwaacha huru. Hata tukichukulia kuwa masimulizi ya watu wema huongezwa chumvi, inabaki kwamba watu wa zama zile waliiona tofauti.

Umar alifariki mwezi wa Februari mwaka 720 mahali paitwapo Dair Simaan, katika Shamu. Zipo riwaya kwamba alitiliwa sumu. Zinasema mtumishi wake alipokea dinari 1,000 ili amtilie, na Umar alipotambua alizitaka dinari zile, akaziingiza Baitulmali, na kumwambia mtu yule aende asikoonekana. Kama riwaya hizo ni za kweli, basi mtu aliyepigana na hongo maisha yake yote ya utawala aliuawa kwa hongo, na bado kitendo chake cha mwisho kilikuwa kuhakikisha kwamba fedha imefika hazina.

Yaliyofuata ni sehemu ya kusikitisha ya habari hii. Khalifa aliyemfuata, Yazid bin Abdul-Malik, aliyarejesha mengi ya yale yaliyofutwa. Watu wa Yemen, waliokuwa wameondolewa kodi nzito waliyobandikwa na ndugu wa al-Hajjaj, walitozwa tena. Yazid bin al-Muhallab alitoroka gerezani na kuasi, na damu nyingi ikamwagika Iraki kabla ya kuuawa kwake mwaka 720. Miaka 30 baadaye dola ya Bani Umayya ikaanguka. Waabbasi walioishika waliyafukua makaburi ya makhalifa wa ukoo huo, na kaburi la Umar wakaliacha.

Ilikuwaje miaka miwili na nusu ya uadilifu ifutike upesi namna ile? Jibu ni kwamba uadilifu ule ulimtegemea mtu mmoja. Ndugu zake hawakuupenda, na hapakuwa na chombo kilichobaki kuulinda baada ya yeye kuzikwa. Sisi tunavyo vyombo. Zanzibar ilitunga sheria ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi mwaka 2012, iliyounda mamlaka yake maalumu, na sheria ya maadili ya viongozi wa umma mwaka 2015. Chama nacho, tangu enzi za waasisi wake, kimeweka katika ahadi za mwanachama kwamba hatatoa wala kupokea rushwa. Hivyo hatuna udhuru wa kungoja azaliwe Umar mwingine.

Linalotakiwa ni kila mkuu wa idara aandike waraka wake wa Kufa. Akae na makarani wake, aorodheshe kila malipo ambayo mwananchi anadaiwa kuanzia mlangoni hadi kwenye muhuri, ayatenge yale yaliyomo katika sheria na yale yaliyozaliwa kwa mazoea, kisha abandike orodha ya yaliyo halali ukutani, mahali ambapo mwananchi ataisoma kabla ya kufungua mkoba wake. Kwa upande wao, wananchi wanapaswa kuacha kutanguliza bahasha kabla hawajaombwa, kwa kuwa anayetoa ili apite mbele amemsukuma nyuma mwenziwe asiyekuwa na kitu. Watu wa Kufa walikuwa na mtawala aliyewaonea uchungu, na wakamkosa baada ya muda mfupi. Sisi tunayo sheria, nayo haifi Rajab wala Shaaban. Hufa pale tu watumishi na wananchi wanapokubaliana kuizika.